Simu Iliyotolewa Sadaka

Kwa kawaida watu huniletea kompyuta dukani kwangu, hapa Mji wa Kale. Hii niliifuata nyumbani, kwa kuwa mwenye haja alikuwa akikaa eda, na mimba yake kubwa. Nilikaa ukumbini, yeye nyuma ya pazia, na mamamkwe wake kati yetu.

Mumewe alipojua hatapona, alirekodi sauti yake amwachie mtoto ambaye hangemwona. Rekodi alizihifadhi kwenye programu inayofunga kila faili kwa siri. Sasa kila ikifunguliwa, programu inaandika kwamba maktaba ya usimbaji haipo.

"Maktaba?" mama akauliza. "Mwanangu, nyumba hii hata gazeti haina."

Nyuma ya pazia nikasikia kicheko kidogo.

Nikaeleza polepole, maana mjane hakuwa akiona kioo cha kompyuta. Programu hii haijui kufunga wala kufungua yenyewe. Kazi hiyo, ndiyo usimbaji, huiachia faili nyingine, nayo ndiyo inayoitwa maktaba. Kuna aliyesafisha kompyuta akaifuta, pengine akidhani ni takataka, lakini rekodi hazijaguswa. Nikaipakua upya. Toleo la karibuni lilikataa, nikatafuta la zamani linalolingana na programu, nikaliweka mahali pake.

"Imefunguka," nikasema. "Nayaona majina."

"Nisomee, kaka."

"La kwanza, Ukizaliwa. La pili, Siku Yako ya Kwanza Chuoni."

Nikabonyeza la kwanza, programu ikataka ithibitishwe na simu ya marehemu. Hilo nalo nikalieleza: maktaba ni kama fundi wa kufungua, ila ufunguo wenyewe uko kwenye simu.

"Simu iko wapi, mama?"

Mama akatazama viganja vyake. "Tuliitoa sadaka baada ya kisomo cha hitma, pamoja na kanzu zake. Niliwaambia wafute kwanza vyote vilivyomo. Niliona ndiyo staha, watu wasimpekue mwanangu."

Nikauliza kama ufunguo uliwahi kuandikwa popote, au kuwekwa kwenye simu nyingine. Hapana.

"Hakuna njia nyingine?" mjane akauliza.

"Hakuna, dada. Nikikupa matumaini nitakuwa nakudanganya."

"Lakini sauti imo humo?"

"Imo. Haisikiki tu."

Nikafunika kompyuta.

"Na mimi nilitaka kumsikia," mama akasema, akapitisha mkono chini ya pazia. Sikuona kama ulishikwa.