Hekalu la Kwanza, kwa Mara ya Pili

Karakana yangu ya useremala ilikuwa kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, Lindi mjini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Kihindu, mjane, aliyezaliwa mji huu huu na kuuzeekea. Kiswahili chake kilinyooka kuliko changu, na akikasirika alikimalizia kwa Kimwera, ili anayetukanwa asiseme hakuelewa. Watoto wake wapo Uingereza. Kila Jumapili walimpigia simu kumweleza kwamba Lindi hakuna kitu. Alikuwa akiwaitikia huku anapima misumari.

Nyuma ya duka, ukishavuka mabati na mifuko ya saruji, palikuwa na kabati. Humo ndani alikaa mtoto wa shaba, mdogo kama kiganja, anayetambaa huku ameshika donge la siagi. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka mama alimwogesha, akamvika kitambaa, akamwashia taa ya samli. Siku ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo, nilijifanya natafuta gundi.

"Unatazama nini? Huyu ni Mungu, lakini bado mtoto," aliniambia. "Zamani alikuwa na hekalu lake. Watu walipohama, hawa Dar, hawa Ulaya, jengo likauzwa. Siku hizi wanaweka ufuta. Mimi nikamchukua kwenye kikapu, nikamfunika kwa mchicha."

"Kwa nini mchicha?"

"Nani atauliza habari za mchicha?"

Hivyo ndivyo dini ya Wahindu wa Lindi ilivyohifadhiwa miaka yote ile: na mwanamke mmoja, kabati moja, na fungu la mboga.

Kisha korosho ikapanda bei, na wakaja Wahindi wageni. Mmoja wao, mnunuzi mkubwa mwenye gari lisiloingia vichochoro vyetu, akagundua kwamba mji hauna hekalu. Akaunda kamati. Ilikuwa na Mwenyekiti, ambaye kwa bahati alikuwa yeye mwenyewe, Makamu, Katibu, Katibu Msaidizi na Mhazini. Mjumbe wa sita hakupewa cheo, naye akajiuzulu kikao cha pili kwa sababu za kiafya.

Mama hakuwamo. Nilimuuliza Mwenyekiti alipokuja kununua saruji.

"Mama ni mtu mzima, fundi. Tumeona tusimsumbue."

Nimechunguza jambo hili maishani mwangu: heshima kwa wazee haijambo siku zote, ila hunenepa zaidi siku ya kugawana viti.

Kiwanja kilipatikana Mtanda, mlimani. Serikali ya mtaa ikaitisha mkutano, na majirani wakaja kwa wingi kutetea utulivu wao. Mtaa ule una msikiti wenye spika nne, kwaya inayofanya mazoezi siku tano kwa wiki, na baa ambayo muziki wake hutikisa masufuria majikoni. Lakini kengele moja ya Wahindu, hiyo ndiyo iliyotishia amani. Mzee mmoja alisimama akasema kengele itawashtua kuku wasitage. Mwenyekiti akaahidi italia taratibu. Zikaletwa soda, na ikaonekana kwamba kuku wa Mtanda wana uvumilivu mkubwa.

Mimi nikapewa kazi ya mlango. Mimi ni Mmakonde, na Mwenyekiti alikuwa amesikia kwamba Wamakonde wote huzaliwa wameshika patasi. Sikumsahihisha. Nilikuwa sijachonga sanamu tangu nilipoondoka kwa baba yangu. Mkate wangu ulikuwa vitanda na madawati. Alitaka mlango wa mbao ya mti wa mkongo, mabawa mawili, na juu yake Mungu wao mwenye kichwa cha tembo. Akanitumia picha kwenye simu.

Katekista wa kigango chetu akanijia siku ya tatu, uso umejaa huzuni ya watu wengine.

"Ndugu yangu, unachonga miungu?"

"Nachonga tembo, katekista."

"Tembo ana mikono minne?"

Nikamkumbusha kwamba mwaka uliotangulia nilimtengenezea meza ya kuwekea mtakatifu wetu, na kwamba yeye ndiye aliyelalamika mtakatifu anaonekana mfupi. Akasema hiyo ni habari nyingine. Akakaa, akanitazama nikipiga patasi, na alipoondoka alikuwa ameshanishauri kuhusu masikio.

Nilimaliza. Naomba nijisifu kidogo, maana kamati haikunisifu: yule tembo alikuwa anapumua. Mama alitoka dukani, akamtazama, akaenda upande wa kushoto, akarudi wa kulia.

"Mkonga umepindia wapi?"

"Kama kwenye picha, mama."

"Picha imegeuzwa. Tazama maandishi ya nyuma yake."

Nikatazama. Kweli, maandishi yalikuwa kama yanayosomwa kwenye kioo. Mwenyekiti alikuwa amejipiga picha mbele ya ukuta wa hekalu fulani huko kwao, akajikata yeye, akanitumia tembo.

"Mkonga wa upande huo si kila mtu anauweza," alisema mama. "Una masharti. Mwambie."

Nikamwambia. Mwenyekiti akacheka, akasema mama amekaa sana na misumari.

Kuhani aliletwa kutoka India wiki moja kabla ya ufunguzi. Kijana mwembamba, mpole, hajui neno hata moja la Kiswahili. Katibu akawa mkalimani. Jambo la kwanza alilofanya ni kusimama mbele ya mlango wangu na kushika kidevu. Nikajua. Nililala na patasi siku nne, nikang'oa kile kipande cha mkonga, nikachonga kingine, nikakipachika. Ukipitisha kidole utasikia kiungo. Kamati ilieleza wageni kwamba mtindo ule ni wa Kimakonde.

Nilikuwa juu ya ngazi nakaza bawaba, kuhani alipouliza swali. Katibu akatafsiri kwa sauti, kwa faida yetu sote: "Anauliza, kabla ya hapa mlikuwa mnaabudu wapi?"

"Hatukuwa na mahali," akajibu Mwenyekiti. "Hili ni la kwanza."

Kweli, bamba la marumaru lilikuwa limeshapachikwa ukutani: HEKALU LA KWANZA LINDI, na chini yake majina matano na vyeo vitano.

Sijui nini kiliniingia. Fundi akiwa kwenye ngazi hutakiwa kuwa kiziwi. "Dukani kwa mama," nikasema. "Kila asubuhi. Nyuma ya saruji."

Katibu hakutafsiri, lakini kuhani alishaona nyuso, akasisitiza mpaka akaambiwa. Akazungumza kwa muda, pole pole, bila kupandisha sauti. Katibu akafupisha: "Anasema moto haubuniwi upya palipo na moto. Twende tukaombe taa yake. Na mtoto. Anasema hawezi kufungua nyumba huku mwenyewe analala stoo."

Jioni hiyo, jua likiwa bado kali, kamati nzima ilishuka dukani. Mama alikuwa anamhudumia mkulima kutoka Kilangala aliyetaka misumari ya bati. Mkulima yule alichagua misumari kama anayechagua mchumba. Mama hakumharakisha. Alimuuliza habari za mikorosho, za mvua, za mama mkwe. Waheshimiwa watano wakasimama juani, katikati ya mabomba.

"Haya," alisema mama, mkulima alipoondoka. "Nani anafuata?"

Mwenyekiti akasema habari ya taa.

Mama alinitazama mimi, si yeye. "Fundi, husema vipi Waswahili? Baniani mbaya?"

"Kiatu chake dawa, mama."

"Basi leo wamekuja Mabaniani wenyewe kutaka kiatu."

Sikucheka. Nilikohoa, kwa muda mrefu.

"Mama, tusamehe, hatukujua," Mwenyekiti alisema, na nadhani kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli. Hakuwa amejisumbua kujua.

"Nitampeleka," alisema mama. "Mwenyewe, kwa miguu. Na lile neno mlifute."

"Neno gani?"

"La kwanza."

"Mama, ni marumaru! Limeshachongwa!"

"Saruji nyeupe ipo, rafu ya tatu. Kwako nitakupunguzia."

Mpaka leo bamba linasomeka HEKALU LA, halafu kiraka, halafu LINDI. Wageni hudhani kuna herufi zimeanguka.

Siku ya ufunguzi alitoka dukani asubuhi, mtoto wa shaba kifuani chini ya mtandio, taa ikibebwa mbele yake na kuhani ndani ya kibuyu cha kioo. Gari la Mwenyekiti lilikuwa tayari, limepambwa maua. Akalipita. Kamati ikalazimika kumfuata kwa miguu, viatu vipya, kupanda Mtanda. Kila mlango alisimama kusalimia.

"Shikamoo mama. Unampeleka wapi mtoto?"

"Marahaba. Nampeleka kwake."

Ndani, kuhani alimpokea yule mtoto na kumweka miguuni pa sanamu kubwa nyeupe iliyotoka India kwa meli. Watu wakashangilia, kengele ikalia, si taratibu. Mama alibaki amesimama, mikono bado imejikunja kifuani kana kwamba imebeba kitu. Aliikunjua, akaitazama, akaifuta kwenye sari. Hapo sina kejeli ya kutia.

Hekalu likakua. Leo wanakuja watu kutoka Mtwara, Masasi, hata Kilwa Masoko. Limeongezwa ukumbi, jiko na kamati ya pili, iliyoundwa kuisimamia ile ya kwanza. Mama alipewa cheti cha shukrani. Kimeandikwa "Mgeni Mwalikwa."

Wiki ya pili baada ya ufunguzi nilimkuta anafunga duka saa moja asubuhi, muda ambao kwa kawaida hufungua. Mkononi alikuwa na chupa ya chai.

"Unaumwa, mama?"

"Jana nimekwenda kumwona. Yule kijana anamwogesha kwa maji ya bomba." Akaitikisa chupa. "Ya baridi! Atampa mafua."

Tangu hapo hupanda mlima kila siku na maji yake ya moto. Kamati ilikaa kikao, ikapitisha azimio kwamba chumba cha ndani ni cha kuhani peke yake, ikalibandika mlangoni, juu ya mkonga wangu. Kuhani hajui Kiswahili, na Katibu amechoka kutafsiri. Kuhani humfungulia mama mlango wa nyuma.