Fundo Langu Juu ya Nguzo

Nilimkatia jirani umeme bila kosa, na hadi leo hasira zinanipanda, ila sasa zinanipandia mimi mwenyewe.

Vita vilinitoa kisiwani Chula na nyavu zangu za uvuvi begani, nikapata chumba Kismayu. Mapigano yalipotulia, mwenye jenereta mmoja alituletea umeme kwa nyaya kuukuu za serikali iliyoanguka; palipokatika, tuliunga wenyewe. Taa yangu iliwaka vizuri mpaka jirani yangu Bi Mwanaisha, fundi cherehani, alipochomeka pasi. Hapo ilififia kama koroboi. Nilichemka! Mtu mmoja atufyonze wote? Nikamwendea mwenye jenereta, nikafoka hadi akamkatia umeme. Siku tatu mama wa watu hakupiga pasi hata kanzu moja, na Idi imeshabisha hodi.

Kumbe taa ikafifia vilevile nilipowasha feni yangu. Nikarudi nikifoka zaidi: "Anaiba huyo!"

Fundi umeme akaja, akafuata waya nguzo kwa nguzo, mtaa mzima nyuma yake, nami mbele nikimwonyesha mlango wa mwizi. Kwenye nguzo ya kichochoro chetu akapanda, akaangua kicheko. Waya iliyokatwa na risasi ilikuwa imeungwa kwa fundo la nyavu, shaba imeota kutu ya kijani.

"Umeme wapotelea hapa! Ni mchu gani alofunga waya kama wavu wa jarife?"

Bi Mwanaisha aliutazama mlango wangu, ambapo nyavu zilikuwa zimeanikwa, na watu wote wakageuka kutazama anakotazama yeye.