Ukurasa Unaosubiriwa

Fundi wa kompyuta wa kituo cha afya hagusi kibodi kabla ya kuifuta kwa ncha ya mtandio, na husema polepole kama anayemnywesha mtoto uji. Muuguzi Petronila alikuwa hampendi. Faili la mgonjwa likifunguliwa kwenye kompyuta ya dirisha la dawa, wodini halifunguki mpaka wa dirishani wamalize, kwa kufuli aliloliweka fundi, na foleni inafika mlangoni. "Dada, litoe hilo kufuli, watu wanaumia." Fundi alikaa asubuhi nzima kwenye benchi la wagonjwa, kila anayesubiri akimhesabu kwa kuvuta punje moja ya tasbihi. Kesho yake mafaili yakafunguka kote kwa pamoja, isipokuwa ukurasa wa kuandikia dawa aliyopewa mgonjwa tu. "Huu hapana, dada'angu. Huu mtasubiriana."

Ijumaa Petronila alishika sindano ya mtoto aliyeletwa kutoka Mahege, akafungua ukurasa, ukagoma. Akasonya, akasubiri. Ulipofunguka, akasoma alichomaliza kuandika mwenzake wa zamu: mtoto ameshachomwa. Akairudisha sindano kwenye trei taratibu. Siku hizi ukurasa ukigoma hasonyi. Huifuta kibodi kwa pindo la gauni lake jeupe, akangoja.