Nyuzi za Mzee Mwidani

Hebu jibu, wewe unayesoma: mkono wa pampu ya kisima ukikatika ukamvunja mtu taya, wa kulaumiwa ni nani? Aliyeuchora, aliyeusubu kwa chuma cha moto, au aliyejua akanyamaza?

Mwidani wa Chaani alijiuliza swali hilo Jumatano moja alasiri, mwezi wa Machi mwaka wa 1993, na kila alipojiuliza alisimama, akaketi, akasimama tena. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza vigezo katika kiwanda kimoja cha Changamwe kilichosubu pampu za mkono za visima. Kigezo ni umbo la mbao. Mafundi hulifunika kwa mchanga mweusi, wakalitoa, pakabaki kalibu ya kumiminia chuma kilichoyeyuka. Vigezo mia mbili na ushei vilining'inia ukutani kwake, kila kimoja na msumari wake, vingi na nyuzi zake.

Nyuzi hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu ya kiwanda. Chombo kikirudi kutoka kisimani kimevunjika, desturi ilikuwa fundi akilete kwa Mwidani mkononi, si kwa maneno matupu. Wangekitazama, wangebishana, kigezo kingeongezwa mbao hapa au kupunguzwa pale, kisha Mwidani angefunga uzi mwekundu. Uzi mmoja, badiliko moja. Ukimwuliza huu ni wa nini, alikutajia mwaka, kisima na nani aliumia. Michoro yenyewe haikuguswa na mtu. Ililala kabatini tangu kiwanda kifunguliwe, ikila vumbi.

Januari ikaja kompyuta, na pamoja nayo Nicanor, injinia kijana wa kutoka bara, mwenye shati jeupe na adabu zake. Kazi yake ilikuwa kuingiza kila chombo ndani ya programu: kilichorwa lini, kimebadilishwa mara ngapi, nani aliidhinisha, mpaka siku kitakapoachwa kutengenezwa. Wazo hilo halikuwa baya hata kidogo. Kiwanda kisichokumbuka makosa yake hulipisha watu wengine kwa usahaulifu wake. Ila wakubwa walimkabidhi Nicanor michoro ya kabatini, wakamwambia hiyo ndiyo kumbukumbu yote. Mwidani hawakumwuliza neno. Walimpa barua: vigezo vipya vya kuchongwa kwa michoro hiyo vikikamilika, kazi yake imekwisha.

Jumatano hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, alipita karakana ya kusubu akakiona kigezo kipya cha mkono wa pampu. Akakipima shingoni, pale mkono unapoingia kwenye kichwa cha pampu. Vidole viwili. Cha kwake kilikuwa vidole vitatu.

"Shingo ya kuku," alisema Randu, fundi mkuu wa kusubu, bila kuinua uso kutoka mchangani.

"Wajua, na bado watia mchanga?"

"Mimi nimeletewa karatasi imepigwa chapa na mashine. Nikibishana na mashine nitaambiwa nimekunywa mnazi. Wewe barua yako si ushaipata? Wataka nami niitwe?" Akaipigapiga kalibu pembeni kuishindilia. "Kalibu arubaini, Mzee. Kesho saa moja twamimina."

Uzi wa shingo ile Mwidani aliujua kuliko nyuzi zote. Mwaka wa 1986, huko Mtongwe, mkono wa vidole viwili ulikatika wakati binti mmoja, Mwanabibi, akiteka maji. Kipande kikamrukia, kikamvunja taya. Randu ndiye aliyekileta kipande kile, na siku hiyo hiyo kigezo kiliongezwa kidole kizima cha mbao.

Akisema, Mwidani atakuwa amewapa bure kitu cha mwisho alichobaki nacho. Akinyamaza, mikono itaanza kukatika, nao watamfuata Chaani wakimbembeleza. Fikira hiyo ilimpendeza kwa muda wa hatua ishirini. Baada ya hapo akamkumbuka Mwanabibi.

Jioni nyumbani hakukalika. Alitoka uani, akarudi, akatoka tena.

"Baba Ishaka, keti au uende zako," alisema mkewe, Mwanakheri. "Wanitia kizunguzungu."

Akamweleza.

"Kwa hiyo wangoja kuitwa?"

"Wao si wana mashine yao?"

"Mashine haiendi kisimani na ndoo," alisema Mwanakheri, akaendelea kuchambua mchele.

Mwidani akaingia chumbani, akavuta gunia kuukuu chini ya kitanda, akatoa kile kipande cha Mtongwe. Alikichukua kiwandani siku alipopewa barua. Jua lilikuwa bado halijazama alipobisha mlango kwa Nicanor, aliyepanga chumba mitaa miwili kutoka pale.

"Shikamoo, Mzee Mwidani."

"Marahaba. Shika hiki."

Nicanor akakigeuza mkononi, akasikiliza kisa chote. Akatafuta kalamu.

"Badiliko hili liliidhinishwa na nani?"

"Na taya la Mwanabibi."

"Mzee, nahitaji jina, tarehe na sahihi. Programu haikubali badiliko bila hivyo."

"Na sababu yaandikwa wapi?"

Nicanor akafikiri. "Hamna mahali pa sababu."

"Ndiyo maana mwataka kumvunja mtu taya mara ya pili."

Kijana akaketi kitandani. "Nyuzi zilikuwa ngapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Wafagiaji walizikata wiki jana, vigezo vigawanywe kuni. Zimebaki hapa." Mwidani akagusa paji la uso.

"Nikisema tusimamishe, wataniambia nimewapotezea miezi miwili. Watanirudisha bara kwa treni ya kwanza."

"Mimi barua ninayo tayari, mwanangu. Nitakusindikiza stesheni, sina kazi nyingine."

 Nicanor alikifumbata tu kile kipande, na Mwidani akaondoka bila kukidai.

Asubuhi yake Mwidani alifika kiwandani kabla ya king'ora. Tanuri lilikuwa likinguruma, chuma kimekwisha kuiva, lakini mafundi walisimama ukutani na vikombe vyao vya kumiminia vikiwa vitupu. Katikati ya karakana Nicanor alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga mweusi, shati lake jeupe limechafuka hadi mabegani, akizivunja kalibu kwa mikono, moja baada ya moja. Kile kipande cha Mtongwe kilikuwa juu ya kigezo kipya, mahali ambapo kila mtu angekiona.  Randu akaweka kikombe chake chini, akapiga goti upande wa pili wa safu, akaanza kuvunja za huko.

Getini honi ya gari la meneja ikalia mara mbili. Mafundi wote wakageuka. Nicanor hakugeuka, alikuwa kwenye kalibu ya kumi na saba.