Emu Kwenye Zizi la Mama

Zizi lilikuwa la mama na mbuzi walikuwa wa mama. Hilo sisi watoto wake wanne tulilijua kabla hatujajua kusoma. Kwa hiyo baba alipostaafu udereva na kurudi nyumbani Wazo na emu wawili nyuma ya pikapu, zawadi ya bosi wake wa Mbezi Beach aliyekuwa anahama nchi, nilijua kuna mtu atalala sebuleni.

"Mbuni wa nini hapa?" mama aliuliza.

"Siyo mbuni, ni emu. Wa Australia," baba alijibu, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Hatukuwa na pengine pa kuwaweka, wakaingia kwa mbuzi. Mwanzoni mbuzi walijibanza ukutani kama wageni msibani wasiomjua marehemu. Walipozoeana ndipo balaa likaanza. Emu walikula pumba za mbuzi, wakameza vibanio vya nguo, wakanyofoa na kifungo cha gauni la mama akiwa amelivaa. Baba aliwapenda kupita kiasi. Asubuhi aliwasalimia wao kabla yetu, na nasema kweli, niliona wivu.

Kisha emu mmoja akajitwalia kona, akakaa hapo haondoki. Anayesogea anapigwa teke, hivyo hakuna aliyethubutu kuchungulia. Siku alipompiga mbuzi mwenye mimba, mama alitangaza: "Ndege wako waondoke, au mie nirudi kwetu Lindi."

Baba hakubisha. Akatafuta mnunuzi, bwana mmoja wa Msasani mwenye mgahawa wa bustani. Usiku huo alishindwa kula wali wa nazi, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kuliona.

Mnunuzi alikuja na gari lake. Akachungulia kwenye ile kona, akacheka. Chini ya emu kulikuwa na mayai ya kijani, makubwa kama maembe dodo.

"Maskini, kumbe ni mzazi!" mama alisema, sauti imelegea.

"Huyu dume, mama. Jike likishataga linaenda zake. Dume ndiye anayeatamia, karibu miezi miwili, hali kitu. Na vifaranga analea mwenyewe," mnunuzi alieleza.

"Hebu rudia."

Akarudia. Mama akamtazama emu, akamtazama baba, akamtazama tena emu. Kisha akasimama mlangoni mwa zizi, mikono kiunoni.

"Mzazi hatolewi nje kabla ya arobaini. Samahani sana, bwana, rudi na gari lako."

Baba alianza kushukuru, macho yamemlowa. Mama akamkatisha.

"Usinishukuru. Arobaini zangu nne ulikuwa wapi, baba watoto?"

Alikuwa safarini na bosi, zote nne. Aliingia jikoni, ambako sikuwahi kumwona ameshika mwiko, akakoroga uji wa pilipili manga, ule wa mzazi. Ukaungua. Emu hakuugusa, wakaunywa mbuzi.

Uliobaki kwenye sufuria mama aliuonja, akasema sukari haitoshi, akaumaliza wote.