Maji Yaliyobaki Ndani ya Betri

Gari letu lilikuwa linaongea Kijapani. Kila asubuhi mume wangu alipobonyeza kitufe cha kuliwasha, sauti ya mwanamke ilitoka kwenye dashibodi, laini na yenye adabu, ikasema maneno machache kisha ikanyamaza. Hakukufuata mngurumo wowote. Mama mkwe wangu, ambaye dirisha la chumba chake lilikuwa hatua chache tu kutoka pale lilipoegeshwa, aliisikia akiwa bado kwenye mswala wake.

"Huyo mwanamke anasemaga nini kila siku?" aliniuliza.

"Anasalimia tu, mama."

"Basi hasalimii vizuri. Mtu akisalimia hungoja aitikiwe."

Tulikuwa tunaishi Mbagala, ndani ndani, ambako barabara ya lami inaisha na mchanga unaanza. Mie nilifundisha shule ya msingi iliyokuwa jirani. Mume wangu alikuwa fundi katika gereji moja Kinondoni, iliyozoea magari ya mafuta na sasa ilikuwa imeanza kupokea yale ya umeme yaliyokwisha kutumika Japani. Mama yake tulimtoa Newala baada ya magoti kumshinda. Nyumba yetu ilikuwa na watu hao watatu, kuku wachache, na hilo gari.

Mume wangu alilipata kwa sababu hakuna mtu aliyelitaka. Lilikuwa likitoka nyumbani limejaa chaji na kufika Kinondoni linaomba kusukumwa. Mota ilikuwa nzima, kila kitu kizima, ila betri ilikuwa imechoka. Na betri ya gari la umeme si boksi la kubeba mkononi. Ni kama godoro la chuma lililolala chini ya sakafu, kuanzia viti vya mbele hadi vya nyuma, na ndani yake vimepangwa vipande vingi bapa, vimebanana kama vitabu kwenye rafu. Mume wangu na rafiki yake wa gereji waliishusha uani kwetu, wakaifungua, wakatoa vipande vilivyochoka na kuweka vingine kutoka kwenye gari lililopata ajali. Walipotaka kuifunga, ule mpira wa kiwandani unaozuia maji ulikuwa umekatika. Wakaziba kwa silikoni.

Kuanzia hapo gari lilienda vizuri, na mume wangu akalitunza kama mgonjwa aliyepona. Nilijifunza kwa kumtazama. Halichajiwi likiwa bado na joto la barabarani. Linaachwa kwanza lipoe, maana joto la Dar ndilo linaloua betri kuliko umri. Halijazwi pomoni kila siku, wala haliachwi tupu. Maji ya kupozea yanaangaliwa, na mafuta machache ya gia zilizo chini ya mota yanabadilishwa. Pale uani alichimbia nondo ya shaba ya waya wa ardhi, na wakati wa kiangazi aliimwagia maji kama mti, ili udongo usikauke ukaacha kupokea umeme.

Kitu kimoja tu alikirudia mara nyingi mpaka kikaniingia kifuani. Alinionyesha nyaya nene za rangi ya chungwa zilizopita chini ya boneti. "Hizi usiziguse. Umeme wa ukutani unazima swichi, unakwisha. Huu hauzimwi. Unaweza kuzima gari, ukachomoa kila kitu, ukaondoka na ufunguo. Ndani ya betri upo tu, umekaa."

Tangu siku hiyo nilipofagia uani sikupitisha ufagio chini ya gari.

Masika yalikuja kwa hasira. Siku ya kliniki ya presha ya mama tulimpeleka Temeke, na tulipokuwa tunarudi mchana mvua ilikuwa imeshamwaga saa nyingi. Kule bondeni tunakovuka mto, maji yalikuwa yamepanda barabarani, ya rangi ya chai ya maziwa, yanabeba chupa na matawi. Mbele yetu pikapu mbili zilikuwa zimezimika katikati. Nyuma yetu foleni ilishatufunga, na maji yalikuwa yakipanda huku tukiyatazama. Mama asingeweza kutembea humo hata hatua mbili.

"Tunapita," mume wangu alisema.

"Linapita?" nikamuuliza.

"Mota haivuti hewa kama injini. Haina cha kuzimika."

Tuliingia. Maji yaligonga milango, nikasikia sakafu ikisuguliwa na kitu. Mama alinishika mkono akaanza kusoma aya ya Kursi kwa sauti ndogo. Gari halikukohoa wala kutetemeka. Lilipita kando ya zile pikapu kimya kama mamba, na watu waliosimama ukingoni wakashangilia. Tulipotokea upande wa pili mume wangu alicheka akapiga usukani. Mama hakucheka. Aliinua miguu yake kuangalia kama viatu vimelowa.

Asubuhi iliyofuata yule mwanamke wa dashibodi alisema maneno mengine.

Ilikuwa sentensi ndefu zaidi, kwa sauti ileile ya upole. Taa ndogo ya njano yenye umbo la kobe ikawaka, ikimaanisha kwamba gari limejipunguzia nguvu. Mume wangu alizima, akawasha tena. Yule mwanamke akarudia maneno yaleyale. Nilichukua simu yangu, nikafungua programu ya kutafsiri, nikaisogeza karibu na dashibodi, nikamwambia awashe mara ya tatu. Maandishi yakatokea kwenye kioo kwa Kiswahili kilichopindapinda: mfumo una hitilafu, tafadhali simamisha gari mahali salama.

Mama alikuwa dirishani. "Kasema nini?"

"Anasema tusimamishe gari mahali salama," nikamjibu.

"Sasa hapo ni mahali salama?" akauliza.

Mume wangu alichomeka kifaa chake cha kupimia, akakaa muda mrefu akitazama namba. Kisha akanieleza polepole, kama anavyoeleza mtu asiyetaka kusikika mpaka dirishani. Umeme wa betri unatakiwa kujitenga kabisa na bodi ya gari. Sasa ulikuwa unavuja kwenda kwenye bodi. Maji yalikuwa yameingia ndani ya betri.

Jumamosi rafiki yake wa gereji alikuja wakalinyanyua gari juu ya matofali. Kabla ya kugusa chochote mume wangu alikunja glovu zake nzito za mpira kuanzia mkononi, akazibana zikajaa hewa kama puto, akazisogeza shavuni kusikiliza kama zina tundu. Kisha akanipa mpini mkavu wa fagio la utando.

"Wa nini?"

"Rafiki yangu atakuwa chini kule, hataniona vizuri. Mie nikinaswa, usinishike. Hata nikikuita. Nisukume na huu."

"Ukiniita nisije?"

"Usinishike, mke wangu. Ukinishika tunakwenda wote, mama abaki na nani?"

Nikasimama. Sijui kama kuna kazi ngumu kama ile ya kusimama bila kufanya kitu ukiwa tayari kumpiga mumeo kwa mti. Alichomoa plagi kubwa ya usalama inayokata betri katikati, akaiweka mfukoni, akangoja umeme uliobaki kwenye sanduku la mota upungue. Alipoingiza mikono nilitazama mabega yake tu. Kila alipokaza spana mabega yalikakamaa, na kila yalipokakamaa niliinua mpini. Jasho lilinitiririka mpaka machoni, sikuthubutu kulifuta.

Hakunaswa. Betri ilishuka, wakafungua kifuniko, na upande mmoja, pale silikoni ilipoachia, kulikuwa na maji ya matope ya kujaza bakuli. Vipande vya pembeni vilikuwa vimeota kutu ya kijani kwenye viungo. Walikausha kwa feni na jua, wakasugua, wakasafisha, wakaziba upya. Vipande vya kubadilisha hawakuwa navyo. Betri ikarudi mahali pake, kobe akazima, namba za kifaa zikawa nzuri, na mwanamke akarudia maneno yake ya siku zote. Mume wangu akanikumbatia mbele ya rafiki yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ni kuku walionitia wasiwasi. Siku zile za baridi ya mvua walianza kulala chini ya gari, wote, na wote upande mmoja, wamebanana chini ya kiti cha nyuma cha kushoto. Gari lilikuwa halijatembea tangu juzi yake. Niliporudi kutoka shuleni nilifungua mlango, nikaweka kiganja sakafuni. Upande wa kulia ulikuwa baridi kama sementi. Kushoto palikuwa na joto, kama mahali mtu alipoamka sasa hivi.

Nilimpigia mume wangu simu gereji. Akasema huenda ni jua. Nikamwambia hakuna jua leo. Akasema kipimo kilionyesha kila kitu kizuri, yeye mwenyewe alisafisha kila kiungo, ataangalia akirudi.

Aliporudi jioni aliweka mkono wake palepale, akauacha hapo muda mrefu kuliko mie. Alitoka na uso wa kijivu, lakini bado akasema, "Kesho nitaishusha."

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani. "Mwanangu," akamwita. "Hicho kitu kinagonga. Mchana nikilala nakisikia. Ti. Kinanyamaza. Ti."

"Ni chuma tu kinapoa, mama."

"Kinapoa vipi na hakijapata moto?" Akashika ukuta akainuka. "Kitoe kwenye ukuta wangu. Leo. Au mie nitoke."

Nami nikasema, "Tunakitoa." Sikumtazama mume wangu niliposema.

Jua lilikuwa bado halijazama. Aliita vijana wa bodaboda wa kijiweni, wakalisukuma hadi ng'ambo ya barabara, kwenye kiwanja kitupu ambacho mwenyewe alikuwa hajajenga. Vijana walitutania kwamba tunalipeleka kuzika. Mume wangu alichomoa tena plagi ya usalama, akafunga milango, akarudi.

Kesho yake mchana nilikuwa jikoni nasonga ugali nikasikia harufu tamu, kama rangi ya kucha. Nikatoka. Chini ya gari kulikuwa kunatoka ukungu mweupe, mzito, haupandi juu bali unatambaa chini juu ya majani. Halafu likapiga filimbi. Sina neno lingine. Lilipiga filimbi ndefu kama birika, kisha vikafuata vishindo, kimoja kimoja, halafu vingi, na moto ukatoka pembeni kwa nguvu kama wa gesi.

Mume wangu, aliyekuwa ameomba ruhusa ya kushinda nyumbani ili aishushe, alipita mbio akielekea huko. Majirani walishafika na ndoo. Aliwazuia kwa mikono miwili, anapiga kelele: "Rudini nyuma! Msivute huo moshi! Ndoo hazitoshi, rudini!" Mwanamume mmoja alimwaga yake hata hivyo. Moto haukumsikia. Vioo vilipasuka, matairi yakafuata, na wakati fulani, sijui waya gani uligusana na upi, honi ililia mfululizo mpaka ikayeyuka. Zimamoto walipofika walimwaga maji muda mrefu sana. Gari lilizimika, likawaka tena. Likazimika, likawaka tena.

Nilirudi kumtazama mama. Alikuwa kitandani, uso kuelekea ukutani kwake, kiganja chake kimelala juu ya plasta. Nilikaa pembeni yake. Hakusema "niliwaambia", na mie nilijua hatasema.

"Mwanangu mzima?" aliuliza.

"Mzima, mama."

"Basi mwite aje ale."

Alikuja, hakula. Alikaa na mikono yake yenye masizi juu ya magoti. "Nilisafisha kila kiungo," aliniambia. "Kila kimoja nilichokiona." Maji ya matope yalikuwa yamepenya ndani ya kipande chenyewe, mahali ambapo hakuna jicho linalofika, yakaanza kula taratibu. Kipimo hakikudanganya, kilipima kinachovuja kwenda nje. Kuhusu kilichokuwa kinaungua ndani hakikuwa kimeulizwa.

Alikaa wiki nzima bila kwenda gereji, kisha akarudi. Sasa gari la umeme lililopita kwenye mafuriko halilali ndani ya gereji yao. Linawekwa uwanjani, peke yake, mbali na ukuta, linaguswa sakafu asubuhi na jioni, na betri iliyoingia maji haisafishwi, inatolewa. Wateja wengine wanaelewa. Wengine wanasema anawatisha ili awauzie betri.

Mvua hizi zilizopita alikuja mzee mmoja kutoka Msasani, mstaarabu, gari lake limepita kwenye maji hadi milangoni. Taa ilikuwa imewaka siku moja, ikazima yenyewe. Mume wangu alimweleza yote, akamwomba aliache. Mzee akasema anasafiri, atalileta akirudi.

"Unaliegesha wapi, mzee wangu?"

"Ndani, chini ya nyumba. Wajukuu wanalala juu. Ni salama kabisa, kuna mlinzi."

Aliondoka nalo, kimya. Mume wangu amempigia simu mara nyingi tangu hapo. Inaita tu. Jana nilimkuta amekaa kitandani na simu mkononi, nikamuuliza kama mzee amepokea. Akatikisa kichwa, akabonyeza tena.