Sponji Ambayo Mama Povu Haing'arishi

Ndoo tatu zimepangwa kando ya ukuta wa jikoni, hazina vifuniko, na hakuna mtu humu ndani anayeruhusiwa kuzigusa, hata mwenye kiu. Maji yamelala humo tangu jana ili klorini ya bombani iondoke yenyewe.

Sebuleni, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo anachota maji kutoka kwenye tangi la kioo kwa kikombe cha plastiki, polepole, kama anayechota uji wa mgonjwa. Robo ya maji ikishaingia kwenye beseni, anaondoka na kurudi na ndoo moja. Anatumbukiza kidole ndani ya ndoo, kidole kingine ndani ya tangi, na kufumba macho.

"Yanalingana," anasema. "Hawa wakishtuka, mzee naye anashtuka."

Hawa ni samaki wawili wa dhahabu, wanene na wenye mikia mirefu. Mmoja anaitwa Kifungo, mwingine Zipu. Mzee ni baba mkwe wake, fundi cherehani aliyewapa majina hayo. Ameketi pembeni, mkono wa kushoto umelala mapajani, na jicho lake halibanduki kwenye kikombe kile.

"Usimwage hapo karibu na Zipu," anasema. "Ana wasiwasi huyo."

"Nimesikia, Baba."

Baada ya nusu saa mwanamke huyu atavaa sare yake na kwenda kliniki ya watoto, ambako amekuwa mfanya usafi kwa miaka kumi na tisa. Huko jina lake la kuzaliwa karibu limesahaulika. Wanamwita Mama Povu, na hachukii. Muuguzi mkuu anasema kwenye sakafu ya Mama Povu unaweza kumlaza kichanga bila shuka, na mama wa watu akisikia hivyo huinama kusugua zaidi, kuficha tabasamu.

Usafi ndiyo lugha yake. Akimpenda mtu anamfulia. Akiwa na hasira anadeki. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, anasema akifika nyumbani hunusa kwanza mlangoni ili ajue mambo yakoje ndani.

Na ni huo usafi uliokaribia kumharibia nyumba.

Mapema mwaka huu baba mkwe wake aliugua kiharusi akiwa peke yake. Alianguka jikoni kwake akabaki sakafuni hadi jirani alipogonga mlango. Alipotoka hospitali, mwanawe alikata shauri: mzee hawezi tena kuishi peke yake. Mzee hakubishana. Alikuja na sanduku moja la nguo, samaki wake wawili ndani ya ndoo, na tangi kuukuu ambalo lilipasuka likishushwa garini.

Samaki hao si wa mapambo tu. Marehemu mkewe ndiye aliyewaleta nyumbani, ndani ya mfuko wa plastiki, siku mzee alipostaafu, ili apate wa kugombana nao. Kila asubuhi tangu mkewe afariki, mzee huwasalimia kwanza kabla ya binadamu yeyote.

Mume akanunua tangi jipya, kubwa kuliko la zamani. Mama Povu akachukua jukumu la kulipamba.

"Nilitaka ajione amekaribishwa," anasema. "Nikachukua kokoto za zamani nikazisugua moja moja. Halafu ile sponji ya kichujio. Jamani, ilikuwa nyeusi, inateleza, inanuka tope. Nikasema moyoni, huyu baba wa watu hakuwa na wa kumsafishia. Nikailoweka kwenye dawa ya klorini, ikatoka nyeupe pe. Nikasuuza mpaka harufu ikaisha. Nilijisikia vizuri siku hiyo, sitakudanganya."

Tangi liling'aa. Majirani waliingia kulitazama. Lakini siku chache baadaye Kifungo na Zipu walikuwa juu kabisa ya maji, midomo wazi, wakihema, matamvua yao ya kupumulia yamekuwa mekundu kama kidonda. Mkia wa Zipu, uliozoea kutanda, ulikuwa umekunjamana.

Mzee hakulalamika. Alimpigia mwanawe simu, sauti yake nzito ya baada ya kiharusi ikisikika hadi jikoni: "Hawa wakifa, nirudishe kwangu. Sitakuwa na cha kunikalisha kwa watu."

Mama Povu anapofika hapa anaacha kukunja kitambaa alichokuwa anakikunja.

"Kwa watu," anarudia. "Nimeolewa na mwanawe miaka ishirini na mbili, na bado mimi ni watu. Iliniuma. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba akirudi kule, ataanguka tena, na safari hii pengine hakuna wa kugonga."

Sanduku la mzee lilikuwa bado kando ya kitanda, mikanda yake imefungwa. Tangu afike alikuwa akitoa shati moja, kisha analifunga sanduku tena.

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko ya mchana, Mama Povu alikwenda kwenye duka la samaki akiwa amebeba maji ya tangi ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Muuza samaki, baba wa makamo aliyefunga miwani yake kwa uzi, aliyatia kwenye kichupa na kuyadondoshea dawa ya kupimia. Yakageuka kijani.

"Sumu," akasema. "Uliosha nini, mama?"

"Kila kitu."

"Na sponji?"

Mama Povu alitazama viganja vyake. Muuza samaki akaelewa, akavuta stuli.

"Samaki anajisaidia humo humo anamolala," akamweleza. "Uchafu wake unageuka sumu. Ndani ya ile sponji wanaishi bakteria, hawaonekani, lakini ndio wanaoila hiyo sumu na kuifanya isidhuru. Wale ndio wafanya usafi wa tangi, mama. Umewafukuza kazi wote siku moja."

Leo Mama Povu anaweza kulicheka jambo hili. Anacheka mpaka anajifuta macho kwa pindo la kanga. "Mimi, mfanya usafi, nimewafukuza wenzangu. Tena bila notisi."

Siku ile hakucheka. Muuza samaki alikata kipande cha sponji kutoka tangi lake mwenyewe, cheusi, chenye ute, akakitia kwenye mfuko wenye maji. Akampa masharti: kiweke kwenye kichujio na usikioshe. Badilisha maji kidogo kila siku, yaliyolala. Pampu ya hewa isizimwe. Chakula kidogo sana, na siku nyingine usiwape kabisa. Bakteria watazaliana, lakini wanahitaji wiki kadhaa. Akamuuzia na dawa ile ya kupimia: maji yakigeuka kijani ni sumu, yakiwa manjano ni salama.

Mama Povu alikipakata kipande kile cha uchafu hadi nyumbani, akikikinga na jua kwa kiganja.

Alifuata masharti yote. Hata hivyo, kila alipopima, maji yaliendelea kuwa kijani. Samaki walihema.

Kisha jioni moja, akifagia chini ya kiti cha mzee, alikuta chembe za mkate. Akazitazama. Akatazama tangi. Akajua kwamba akiwa kazini, mzee huwalisha.

Sasa utamwambiaje baba mkwe? Mtu hamkemei baba mkwe, hata kwa upole. Mama Povu aliweka fagio, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mzee, na kuanza na kosa lake, lile ambalo hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani.

"Baba, mimi ndiye niliyewaumiza. Niliosha sponji yao kwa klorini. Sikujua."

Mzee aligeuza macho kwenye tangi. Halafu mkono wake mzima, wa kulia, ukaingia mfukoni, ukatoka na ganda la mkate.

"Na mimi," akasema. "Niliona unawanyima. Nikadhani wana njaa."

"Basi tuko wawili, Baba."

"Tuko wawili, mwanangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Tangu siku hiyo kazi iligawanywa. Mama Povu ni wa ndoo. Mzee ni wa kupima, na hapo ndipo ufundi wake wa zamani ulipopata pa kufanyia kazi. Mtu aliyelinganisha nyuzi na vitambaa maisha yake yote hadanganyiki na rangi. Alikiinua kichupa dirishani kila asubuhi, akafinya jicho moja, akatoa hukumu. Bado kijani. Kijani cha kupauka. Manjano, lakini manjano ya kudanganya.

"Mimi niliona manjano, nikaanza kushangilia," anasema Mama Povu. "Akaniambia ningoje. Akaningojesha siku nyingine kadhaa."

Wakati huo mkia wa Zipu ulikuwa umeanza kutanda tena. Kifungo alirudia kuchimbachimba kokoto. Kisha asubuhi moja mzee alishusha kichupa, akakiweka mezani, na badala ya kutaja rangi akauliza, "Mwanangu, hanga za nguo mnaweka wapi?"

Mama Povu alimletea zote alizokuwa nazo. Akasimama kwenye korido akijifanya anapanguza fremu ya mlango, akisikiliza mikanda ya sanduku ikifunguliwa.

Leo ukuta wa nyuma wa tangi una ukungu wa kijani. Anaukwepa kwa macho anapopita, maana mikono inamwasha, lakini ameuacha. Sponji ikijaa tope huibonyeza mara mbili tu ndani ya beseni la maji ya tangi, kisha huirudisha ikiwa nyeusi vilevile.

Mpango wake mmoja umebaki. Mume akirudi mwisho wa mwezi, watakwenda na lori kwenye nyumba ya mzee kuchukua cherehani. Alipohama aliikataa, akasema mgeni habebi cherehani. Jumapili iliyopita aliiulizia mwenyewe, na Mama Povu ameshaondoa meza dirishani, karibu na tangi, ili ipate nafasi.

"Nimemuuliza kama kuna jambo lolote anataka nilifanye ikifika," anasema, huku akifunga vifungo vya sare yake. "Ameniomba kitu kimoja tu. Nisiioshe."